Koti la Daktari Salome

Wodini tulikuwa wanne: Bi Zuena binti Mshangama, mgonjwa wa pumu aliyelala kitanda cha dirishani; Daktari Salome Mbwambo, aliyevaa gauni la kitenge; Bwana Damas Likwelile, tajiri wa katani, mwenye mafua; na mimi, karani.

"Mtoeni bibi huyu, nilale mimi," alisema Likwelile.

"Akikosa hewa atakufa," alisema Salome.

"Mama, nyamaza. Namngoja daktari."

Mtu mwenye koti jeupe, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia. Likwelile alisimama wima.

"Shikamoo, daktari! Nataka kitanda hiki."

Yule mtu alimshika mkono, akatazama saa. "Chukua. Anayelala hapa anapasuliwa tumbo saa nne. Umekula?"

"Nina mafua tu, daktari!"

"Basi kalale kwako."

Likwelile alishukuru, akaondoka mbio. Yule mtu alivua koti, akampa Salome.

"Doa la wino limetoka, daktari."

Dobi huyo wa hospitali yetu, Mfaume Kitwana Chande, alifariki Jumanne wiki hii.