Vidani vya Chupa ya Buluu

Tukisikia kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, wengi wetu tunawafikiria watoto wanaochovya vidole chunguni. Laiti ingekuwa hivyo! Pupa ilimkumba hata Gaudensia, mjane wa Misunkumilo, mjini Mpanda, mwanamke mtulivu kama maji ya mtungini.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mapambo ya vioo, kama alivyofundishwa na marehemu mumewe, Thadei. Alivunja chupa, akapanga vipande viwiliviwili, kimoja juu ya kingine, kwenye kigae kilichopakwa chokaa ili visinate, kisha akavichoma katika tanuri la udongo mpaka vikayeyuka na kushikana.

"Kuchoma ni kazi ya moto, mke wangu," Thadei alizoea kumwambia. "Kupoza ni kazi yako. Ziba mlango kwa udongo, usiufungue mpaka uweke kiganja ukutani usisikie joto. Kioo hakipendi kushtuliwa."

Kupoa huko kulichukua siku mbili na zaidi.

Lusia, binti yao wa pekee, alikuwa amehamia Karema kwa hasira baada ya mama kumkataa mchumba wake. Miaka mitatu hakuandika hata mstari. Gaudensia alizoea kupika chakula cha mtu mmoja na kuitikia salamu za redioni. Upweke ulimla kama mchwa alavyo boriti, taratibu, bila kelele.

Ndipo mwaka 1995 barua ikaja. "Mama, naolewa Jumamosi na yuleyule. Natamani nivae vidani vya ile chupa ya buluu ya baba. Enoka wa lori atatoka huko Ijumaa."

Gaudensia alilia kwa furaha. Chupa hiyo ya dawa Thadei aliiweka akiba kwa ajili ya harusi ya Lusia, na nyingine kama hiyo haikupatikana Mpanda nzima. Jumanne akaivunja, akachoma vidani saba, akaziba mlango wa tanuri.

Jumatano mchana alisikia ngurumo barabarani. Akachungulia. Lori la Enoka, limesheheni!

"Ananiacha!" akapiga kelele, akaubomoa ule udongo kwa jembe.

Upepo ukaingia. Ta! Ta! Ta! Vidani vyote saba vikapasuka mbele ya macho yake. Akakimbilia barabarani mikono mitupu, akalisimamisha lori.

"Shikamoo, mama Lusia. Kuna nini?" Enoka akauliza.

"Marahaba. Mbona unaniacha, baba?"

"Nikuache wapi? Leo napeleka mbegu Sibwesa, jioni narudi. Karema ni Ijumaa, kama ulivyoandikiwa. Tena Lusia kanituma nikubebe na wewe mwenyewe. Anataka umvalishe hivyo vidani kwa mkono wako."

Gaudensia aliketi palepale kando ya barabara, akalia kwa uchungu. Miaka mitatu aliweza kumsubiri mtoto. Siku mbili za tanuri zikamshinda.

Ijumaa alfajiri, kabla ya kupanda lori, aliweka kiganja kwenye ukuta wa tanuri tupu. Ulikuwa baridi kabisa. Akafunga vipande vya buluu katika pindo la khanga, akaondoka kwenda kumwonyesha bibi harusi kwamba kweli mwenye pupa hadiriki kula tamu.