Vifaranga Wawili wa Kavumbi

Samaki mkunje angali mbichi. Maana ya methali hii anaijua kila aliyewahi kubeba samaki kutoka sokoni: nguru aliyevuliwa asubuhi hukunjwa akaenea kikapuni bila taabu, lakini ng'onda, aliyekwisha kaushwa kwa chumvi na jua, ukimkunja huvunjika. Wengi huitumia kwa tabia za watoto, adabu na masomo. Hadithi hii inahusu miguu.

Sarrah aliishi na mumewe Owais katika orofa ya kwanza ya nyumba moja kongwe, Mji wa Kale, Mombasa. Owais aliuza vitambaa mjini. Mtoto wao wa kwanza, Tahseen, alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, zinatazamana kama viganja vinavyotaka kupiga makofi. Hospitalini waliambiwa maneno machache: miguu hiyo hunyooka, mradi ifungwe plasta mapema, wiki baada ya wiki, mifupa ikiwa bado laini. Akicheleweshwa, itabidi apasuliwe, na huenda asitembee sawasawa maisha yake yote.

Plasta ya kwanza ilifungwa Tahseen akiwa na umri wa wiki mbili. Alilia kutwa nzima. Ya pili alilia siku mbili, na mama yake akalia naye. Siku ya tatu, Owais akiwa dukani, Sarrah alitia maji ya vuguvugu katika beseni, akailoweka miguu ya mtoto hadi plasta ikalainika, akaibandua kipande kipande. Tahseen akanyamaza, akanyonya, akalala fofofo. Owais aliporudi aliambiwa kwamba kliniki imeagiza mtoto apumzishwe mwezi mmoja. Naye, aliyewaamini madaktari na mkewe kwa kiasi kimoja, hakuuliza zaidi. Wiki tatu zikapita.

Chini ya nyumba hiyo alipanga Kavumbi, mzaliwa wa Rabai, mpishi wa shule moja ya Tononoka, ambaye pembeni mwa chumba chake alikuwa na mashine ndogo ya kuangulia mayai. Safari hiyo aliishiwa na matambara ya kutandika ndani ya mashine, akatandika gazeti. Karatasi ya gazeti ina utelezi. Kati ya vifaranga kumi na wanane walioanguliwa, wawili waliteleza walipojaribu kusimama mara ya kwanza, miguu ikatanuka, mmoja huku na mwingine kule, wakabaki wamelala kifudifudi. Kavumbi alilicheka kosa lake mwenyewe; alisema gazeti limewahi kuwaangusha mawaziri, sembuse kifaranga.

Aliwafunga miguu kwa utepe wa bendeji, pingu nyembamba iliyoacha nafasi ya kidole kimoja kati ya mguu na mguu, akawatia katika kasha lililotandikwa gunia ili wapate pa kukanyagia. Alasiri hiyo akaletewa habari ya msiba wa shangazi yake. Hakuwa na wa kumwachia wagonjwa wake isipokuwa jirani aliyeshinda nyumbani. Akapanda ngazi na kasha mkononi, pamoja na taa ya kuwatia joto.

"Mama Tahseen, nakuachia hawa siku nne," alisema. "Maji, chakula na joto. Na bendeji usiifungue, walie watakavyolia. Mifupa yao ni ya jana. Wiki ijayo itakuwa haikunjiki."

Sarrah alikubali, wala hakuyahusisha maneno hayo na kiumbe kingine.

Vifaranga walikuwa wa manjano, ila mmoja alikuwa na doa jeusi kichwani. Asiye na doa alianguka, akainuka, akaanguka tena, kimya kimya kama mtu anayejifunza kazi. Mwenye doa alilia. Alilia kwa sauti nyembamba kama sindano, na kila alipoanguka alilia zaidi, mpaka Sarrah akahisi anatobolewa masikio. Jioni ya siku ya kwanza aliuchukua mkasi wa kukatia kucha, akaukata ule utepe. Kifaranga akajilaza juu ya gunia, miguu imetawanyika, akanyamaza. Kimya kile Sarrah akakichukulia kuwa shukrani.

Toka hapo hakuacha kumhudumia. Alimlisha kiini cha yai kwa ncha ya kidole, akamnywesha maji tone kwa tone, akamsogeza karibu na taa na kumpangusa kifua. Yule aliyefungwa aliwekewa chakula akaachwa ajitafutie. Kwa mtu aliyepima mapenzi kwa vitendo, mmoja alikuwa mwana na mwingine yatima.

Siku ya tatu yatima alitembea. Zilikuwa hatua fupi, kama za bibi harusi, lakini zilimfikisha kwenye maji. Mwenye doa alijisukuma kwa kifua kama mtu apigaye kasia mchangani, na manyoya ya kifuani yalikuwa yameanza kunyonyoka. Sarrah alishtuka. Alikata utepe mpya, akajaribu kumfunga alivyoona amefungwa mwenzake. Miguu ilikataa. Alipoivuta karibu, ilirudi ilikotoka, na utepe ukachomoka.

Kavumbi aliporudi hakuhitaji kuelezwa. Alimwinua mwenye doa, akamgusa mapaja kwa vidole viwili, akajaribu kuyakusanya, akamrudisha taratibu juu ya gunia.

"Huyu ulimfungua lini?"

"Siku ile ile," Sarrah alijibu. "Alikuwa akilia, Mzee Kavumbi. Nilimwonea huruma."

"Hata mimi nilimwonea huruma," alisema Kavumbi. "Ndiyo maana nikamfunga."

Hakusema kwa hasira. Alimfungua yule mwingine bendeji, akamweka sakafuni, naye akakimbilia chini ya kiti. Kisha akauliza, kwa adabu ya jirani, kama mtoto hajambo, na kama plasta yake inaendelea vizuri. Sarrah aliutazama mlango wa chumba. Chumbani Tahseen alikuwa amelala, miguu yake midogo imefunikwa kitenge kwa sababu mama yake hakupenda kuiona.

Owais aliporudi kutoka dukani alikuta chai haijapikwa na mkewe ameketi kitandani, mtoto mapajani, miguu iko wazi. Alimweleza yote: beseni, maji ya vuguvugu, uongo wa kliniki. Owais alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenirudisha kliniki."

Owais hakulikana hilo. Asubuhi hakufungua duka; walikwenda kliniki wote watatu.

Mfungaji plasta, mwanamke kijana aliyeitwa Stacy, alizishika zile nyayo, akazigeuza kidogo, akahesabu tarehe. Zilikuwa zimerudi zilivyokuwa siku ya kuzaliwa. Kazi ya plasta mbili ilikuwa imepotea, na wangeanza upya. Sarrah aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa shida: je, bado inakunjika?

"Bado," Stacy alisema. "Ungekuja mwakani ningekujibu vingine. Shika goti hapa. Atalia. Wewe usiachie."

Tahseen alilia, uso ukamwiva. Machozi yalimshuka mama yake hadi kidevuni, lakini mikono yake haikulegea hadi plasta ilipokauka.

Kifaranga mwenye doa aliishi siku kumi na moja. Sarrah alimlisha kwa mkono hadi siku ya mwisho, na hakumruhusu mtu kumwambia kwamba hakukusudia. Alijua hakukusudia, na alijua pia kwamba hilo halikumsimamisha kifaranga. Kwa Tahseen zilihitajika plasta saba, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma, navyo pia alivililia. Alipotimiza miezi kumi na minne alivuka ua kwenda kwa baba yake, kisigino kikitangulia, kama itakiwavyo.

Huruma ni njema, lakini huwa na wakati wake, na mkono unaopenda hauna budi kushika wakati ule ule, hata kama anayeshikwa analia. Waliosema samaki mkunje angali mbichi walisema kweli.