Jiwe la Nyamizi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana simu zilikuwepo na vikao vya kamati vilikuwepo, mji wa Sarangwe ulikuwa vitani na jirani yake wa ng'ambo ya mto. Walikuwa wakigombea nini? Msiniulize mimi. Waliouliza waliambiwa suala linashughulikiwa.

Jirani alikuwa na vijidege visivyo na rubani: mbao, plastiki, injini ya pikipiki, bomu tumboni. Watu wa Sarangwe waliviita bodaboda za angani, kwa mlio wake na kwa tabia yake ya kufika bila kuitwa. Sarangwe nao walikuwa na makombora ya kuvitungua, ya kisasa kabisa, yanayojua hata kukata kona. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kombora moja lilikuwa na bei ya zahanati nzima, pamoja na mganga wake na dawa zake. Kila bodaboda ilipotunguliwa watu walipiga vigelegele, na zahanati moja ikapanda mbinguni kwa moshi. Jirani akavisikia vile vigelegele, akaagiza mbao zaidi.

Mwisho likabaki kombora moja.

Ndipo Bwana Kishimba, mkurugenzi wa Idara ya Thamani, akatoa mwongozo: kombora lisirushwe ila kulinda kitu kinacholizidi bei. Msicheke. Kilimani palikuwa na kituo cha umeme, na umeme ule ndio uliowapa joto watoto njiti hospitalini. Wananchi hawakuambiwa kwamba limebaki moja. Ilionekana wangetaharuki.

Ijumaa moja asubuhi bodaboda ikavuka mto. Kapteni Zuhura Mangure, mwenye kidole kwenye kitufe, akaifuata kwenye kioo cha kamera yake. Haikwenda kilimani. Ilishika njia ya ukingoni mwa mji. Akapiga simu.

"Mkurugenzi, inaelekea kwenye tanuri la mikate la Nyamizi."

"La umeme au la kuni?"

"La kuni."

"Basi mwongozo unaujua, Kapteni."

"Naujua. Lakini pale kuna mtu."

"Kwenye jedwali letu kuna majengo na mitambo. Watu hatukuwawekea bei. Tuliona si utu." Mkurugenzi akakohoa. "Na kesho wakipiga kituo cha umeme, wazazi wa wale njiti utawaambia nini?"

Kapteni akaondoa kidole.

Palikuwa na kinga nyingine. Nasoro, fundi wa kuchomelea, alikuwa amefunga bunduki kuukuu ya rashasha nyuma ya pikapu yake, na alizoea kukaa karibu na lile tanuri, akizishusha bodaboda kwa risasi za bei ya karanga. Siku hiyo hakuwepo, wala pikapu haikuwepo. Mkuu wa wilaya alikuwa amemwita makao makuu apokee cheti cha ubunifu, gari lioshwe, livishwe maua, wageni waliangalie. Nasoro alisita. Halafu akaenda. Mkewe alikuwa ameshampigia shati pasi.

King'ora kikalia. Nyamizi akavua aproni.

"Baba Sitta, twende handakini."

Mumewe, Lubango, alikuwa nje akipasua kuni. "Itatunguliwa hiyo, kama wenzake. Toa mikate kwanza, itaungua."

Nyamizi akarudi ndani.

Kituo cha umeme hakikuguswa. Siku chache baadaye vita vikasitishwa. Kombora la mwisho limo sandukuni mwake mpaka leo. Hakuna ajuaye kama jirani aliogopa kilima kwa sababu yake, au hakuwa na haja na kilima.

Sasa, Sarangwe wana mila. Siku ya arobaini kaburi hujengewa, na mwenye mkono katika kifo hicho ndiye huweka jiwe la kichwani. Akishaliweka, wafiwa hawamdai tena neno, na kilio chake yeye mwenyewe hukoma hapo. Asipojitokeza, jiwe hulala chini. Watu wengi hulikimbia. Siku ya arobaini ya Nyamizi walilikimbilia.

"Mama," Kapteni akamwambia Bi Kalunde, mama wa marehemu, "mimi nilimwona kwenye kioo. Nilikuwa na uwezo, nikaondoa kidole. Nipe mimi."

Bwana Kishimba alikuja na hotuba. Akaitoa, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Kapteni alitii. Mwongozo ni wangu. Na mimi ndiye niliyewaficha kwamba limebaki moja. Mngejua, mngekimbia."

"Na mimi?" akasema Nasoro. "Kwangu ilikuwa risasi tu. Nilijua pale pako wazi, nikaenda kupigwa picha."

Lubango alisema wa mwisho, macho chini. "Alikuwa ameshavua aproni, mama. Mimi ndiye niliyemrudisha. Kwa mikate."

Mwanamke mmoja nyuma, mtoto mgongoni, akasema taratibu: "Mimi silitaki jiwe. Lakini asiseme mtu mbele yangu kwamba kombora lilipaswa kurushwa. Huyu mwanangu alikuwa mle hospitalini, kwenye joto."

"Labda," Bwana Kishimba akasema, "tungeliweka kwa pamoja. Kamati ndogo."

"Hili haliwekwi na kamati, baba," Bi Kalunde akamjibu. "Jiwe ni moja, na mkono ni mmoja. Nikimpa mmoja wenu, huyo atalala usingizi, na wengine mtabaki na mwanangu kifuani mpaka mfe. Sasa niambieni ninyi mlio wasomi, huo usingizi ni wa nani?"

Yule mama amekaa pale, mkono juu ya jiwe, na saruji inaanza kukauka.

Mmewasikia wote, hamkumkosa hata mmoja. Je, jiwe apewe nani?