Bendera ya Ardhi Tupu

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya fisi kuongea, ni zamani ya juzi tu, simu tayari zilishaingia mifukoni mwa watu, palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja mjini Tabora. Mkubwa aliitwa Mgalula, muuza asali. Wa katikati Nyanzobe, msusi, mwanamke mwenye subira kwenye vidole. Wa mwisho Lugusha, fundi mwashi, mtu mzima na ndevu zake, lakini kichwa kigumu kama tofali lililoiva.

Jirani yao alikuwa Chilewa, Mgogo, mwenye banda la gemu. Nanyi mnajua, Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Babu zetu walipobeba meno ya tembo kwenda pwani, wakifika Ugogo hawanywi maji mpaka watoe hongo. Hongo ile hatujaisahau. Tunairudisha kwa matusi, kidogo kidogo.

Basi bandani kwa Chilewa palikuwa na mchezo mmoja wa kompyuta, Dola na Misafara. Ni kama bao, ila kete zake ni watu na mashimo yake ni nchi. Unachagua nchi yako, unalima, unajenga, unapigana. Miaka humo ndani inakimbia kama maji ya mvua mferejini, na ukifika mwaka wa mwisho mashine inahesabu ni bendera zipi bado zimesimama. Ndiyo hivyo tu. Kashindye, weka hiyo simu chini, unisikilize.

Siku ya kwanza ndugu wale kuitazama ramani ya mchezo ule, waliona pwani imejaa majina. Uarabuni majina, Ulaya majina, mpaka visiwa vidogo kama chawa vina majina. Wakatafuta kwao. Kwao palikuwa na rangi ya kijivu, jivu la jana, na juu yake maneno ya Kizungu. Nyanzobe akayasoma kwa Kiswahili: "Ardhi Tupu."

"Tupu?" akauliza Lugusha. "Tupu ya nani?"

Chilewa akacheka mpaka akashika mlango. "Kwani nyie mlikuwa na nini, watani? Mlikuwa na mabega! Mabega hayachorwi kwenye ramani."

"Na wewe mla mlenda, mbona Ugogo napo ni kijivu?" akarudisha Lugusha.

Chilewa akainama kutazama. Halafu akawaeleza: mchezo ule unauzwa vipande vipande. Kipande cha kwanza unapata nchi za wenyewe. Nchi nyingine zinakuja kwa nyongeza, na kila nyongeza inalipiwa. Sikieni maajabu hayo! Sokoni ukinunua dagaa, nyongeza unatupiwa bure juu ya fungu. Huko nyongeza ndiyo wanayokukamulia.

"Tufanye hivi," akasema Chilewa. "Mimi nachukua Sultani wa pwani, na mizinga yake, na Mgalula usinichekee, si mizinga ya nyuki. Nyie chukueni kale kanchi kadogo kanakopakana na kijivu. Bendera yenu ikisimama mpaka mwaka wa mwisho, nawanunulia nyongeza moja, mtakayochagua wenyewe. Ikianguka, au mkinilipa kodi, mtanibebea maji ya banda hili kichwani kiangazi chote, na mtaimba nyimbo za babu zenu mkija."

Watu wakajaa. Wakaapiana, wakaanza.

Nyanzobe akajenga. Wengine wanajenga ngome, yeye anajenga maghala. Ghala mjini, ghala kando ya mto, ghala ndogo ndogo pembeni kabisa, pale kijivu kinapoanzia. Watu wakamcheka: "Dada, hii ni vita, siyo jiko!" Vidole vyake vikaendelea, kama anasuka.

Sultani akaja. Mizinga ikauzunguka mji wao kama siafu. Nyanzobe akasema, "Kaka, tumekwisha." Mgalula akaitazama ramani, akaitazama, akasema, "Hatujaisha. Tuuchome mji, tuingie kijivuni."

"Mji wangu?"

"Mji wako, dada yangu. Jeshi kubwa likiingia Ardhi Tupu linakufa njaa, humo hamna shamba wala soko. Sisi ni wachache. Tuondoke."

Nyanzobe alilia machozi ya kweli kwa mji wa uongo, lakini akamwachia kaka yake kipanya cha kompyuta. Mji ukaungua. Watu wao wakaingia kijivuni wakila chakula cha ghala zile ndogo zilizochekwa. Chilewa akawafuata na jeshi lote. Jeshi likaanza kuyeyuka. Leo limepungua, kesho limepungua, likawa kama sabuni ya msibani.

Hapo Sultani akatuma mjumbe. Maandishi yakajitokeza kwenye kioo: lipeni kodi, mrudishiwe mji wenu, muishi. Chini yake vitufe viwili, Kubali na Kataa.

Na ghala zilikuwa zimebaki tupu. Mgalula akasema, "Tukubali." Nyanzobe akasema, "Watu wangu wasife. Tukubali, hayo maji tutabeba." Kidole cha Mgalula kilikuwa kinashuka. Lugusha akamnyang'anya kipanya kile.

"Hatulipi!"

"Mdogo wangu, tutakufa njaa!" akasema Mgalula.

"Tufe. Hongo Ugogo, kodi pwani, na sasa hongo kwenye kompyuta? Hatulipi!" Akabonyeza Kataa mpaka meza ikatikisika.

Na kabla njaa haijammaliza mtu wao wa mwisho, mwaka wa mwisho ukafika. Mashine ikahesabu bendera. Katikati ya kijivu, mahali palipoandikwa hapana mtu, ikakuta bendera moja imesimama.

Banda lilipiga kelele! Mpaka mama wa chapati wa ng'ambo ya barabara aliacha moja ikaungua. Chilewa akasema, "Watani, nimeshikwa. Chagueni." Akafungua duka la mchezo, na nyongeza zikajipanga.

Hapo ndipo furaha ilipoharibika.

Nyanzobe akasema, "Tununue hii ya Watemi wa Bara. Inafuta kijivu chote, inaleta watu wetu na majina yao. Watoto wanakuja hapa kucheza. Mtoto akiona kwao pamepakwa jivu, ataamini palikuwa jivu. Nami ndiye niliyewalisha watu wetu. Bila ghala zangu, mji ungeungua na nyie mngeungulia humo. Nachagua mimi."

Mgalula akatikisa kichwa. "Watufute bure, halafu watuuzie? Ninunue jina langu kwa mtu aliyelificha? Hapana. Tununue hii ya Merikebu na Mizinga, tushuke mpaka pwani, tuivuke bahari, ramani yote iwe rangi yetu. Hapo watatuandika wenyewe bila kuombwa. Na njia ya kijivu niliiona mimi. Ghala zako, dada, zingeliwa na Sultani. Nachagua mimi."

"Uivuke bahari ukafute majina ya wengine?" akasema Nyanzobe. "Sasa wewe na aliyetupaka jivu mna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba safari hii siyo mimi ninayefutwa."

Lugusha alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda. Wakamgeukia. Akasema, "Hatununui kitu."

"Nini?"

"Nilikataa kodi ya Sultani, nije niilipe kodi ya mwenye mchezo? Awe ni Chilewa anayetoa, awe ni nani, kodi ni kodi. Acheni kijivu kibaki. Acheni bendera ile ibaki hapo katikati, kila anayekuja aulize: kama palikuwa patupu, hii nani aliisimamisha? Nyie wawili mlishakubali. Kidole chako, kaka, kilikuwa kinashuka. Ushindi ni wangu, nachagua mimi, nami nachagua hapana."

"Ujasiri gani huo?" akafoka Mgalula. "Ulijua mwaka unakwisha? Hukujua! Ulikataa kwa ubishi tu, ungetuua wote."

"Sikujua," akasema Lugusha. "Ningejua, kungekuwa na maana gani kukataa?"

Watu bandani wakagawanyika. Wengine na dada, wengine na kaka, wengine na yule mbishi. Mimi, niliyekuwa nimebanana nao humo bandani, nilimkumbuka mama yangu, ambaye babu yake alikuwa mpagazi wa njia ile ya pwani. Alisema mzee yule hadi anazeeka aliweza kuitaja njia nzima, kambi kwa kambi, mto kwa mto, macho amefumba. Akimaliza anauliza: "Nani amesahau?" Lakini mama hakuniambia angenunua nyongeza ipi.

Chilewa akachoka. Akasema, "Sikilizeni, wabeba mizigo. Nawahesabia kumi. Msipompata wa kuchagua, na mimi nimekiona changu hapa chini, nyongeza ya Visima vya Ugogo. Nitainunua hiyo, na mtanilipa hongo ya maji mpaka wajukuu wenu." Akaanza: "Moja." Kicheko kikapasuka, lakini kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na hakikucheka.

Ndugu watatu wakatazamana. Nyanzobe hakulegeza. Mgalula hakulegeza. Lugusha, huyo msimuulize.

Haya. Nyie mlionimalizia karanga, msitazamane, nitazameni mimi. Mmoja aliiona njia. Mmoja aliwalisha watu njiani. Mmoja alisema hapana wakati wenzake wameshasema ndiyo. Chilewa ameshafika tisa.

Je, kipanya kile mngekiweka mkononi mwa nani?