Hariri na Bwana Asiyengoja Manyoya

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa gani ya watu wanaosinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Kaeni vizuri, maana ngano hii kila nikiisimulia inanichosha roho.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na bwana mmoja, jina lake Mbaruku. Alikuwa na kuku mweupe kama nyange, manyoya yake laini kuliko pamba iliyochambuliwa. Ukimshika, vidole vinazama. Kuku huyo aliitwa Hariri. Mbaruku alitaka jambo moja tu duniani: banda zima la kuku wa namna hiyo, weupe pe, wasio na doa. Akamtafutia Hariri jogoo mweupe kutoka mji wa mbali, akawafungia banda lao peke yao.

Hariri naye alitaka jambo moja tu: kulea watoto wake mpaka wakue.

Akataga, akaatamia. Siku ishirini na moja hakunyanyuka ila kunywa maji na kudonoa kidogo. Vifaranga wakatoka. Mbaruku akaja mbio, akachungulia, akakunja uso. Walikuwa wa manjano.

"Nimetaka weupe, umenipa manjano," akasema.

Hariri akaimba:

Bwana wee, ngoja,
unyoya hauna haraka,
bwana wee, ngoja.

Akamweleza kwamba kifaranga huanza na nguo ya utotoni, ya ukubwani huja baadaye. Nani wa kusikiliza? Mbaruku akawatia vifaranga tengani, akampa jirani yake, Bi Siwatu, bure. Bi Siwatu akawapokea, akawaweka chini ya tetea wake. Hariri alizunguka banda siku tatu akiwaita.

Akataga tena, akaatamia tena. Safari hii Mbaruku akajikaza kungoja. Akangoja wiki tano. Wiki tano, jamani, mtu mzima na ndevu zake! Vifaranga wakawa katikati: huku vinyoya laini vya utotoni, huku unyoya mpya, shingo tupu, mkia kama ufagio uliochakaa. Mbaruku akasonya. Akasema hawa si hariri, hawa ni magunia.

Hariri akaimba, sauti imeanza kukwaruza:

Bwana wee, ngoja,
unyoya hauna haraka,
bwana wee, ngoja.

Wapi! Tengani, kwa Bi Siwatu. Hariri alikasirika mpaka akakataa mtama. Na wewe ungekasirika.

Basi wakati wake wa kunyonyoka ukafika, kama unavyomfikia kila kuku. Manyoya yakapukutika, akabaki mgongo wazi, ngozi yake nyeusi ikionekana, maana kuku wa namna yake ndivyo walivyo chini ya manyoya. Mbaruku akamtazama, akashika kiuno. Akasema kumbe ubovu wote ulitoka kwa mama, ndiyo maana watoto walikuwa vile.

Mara hii Hariri hakuimba. Alikuwa amechoka naye. Mbaruku alipoleta tenga, Hariri aliingia mwenyewe, akapelekwa kwa Bi Siwatu.

Mwaka ukapita. Mbaruku akabaki na jogoo mmoja anayewikia ukuta. Akasikia watu wakisimulia kuku wa Bi Siwatu, akachukua tenga lake, akaenda kuona. Uani akakuta kuku weupe wametapakaa, laini, manyoya yamewafunika mpaka vidole vya miguu. Pembeni palikuwa na mmoja ameatamia, aliyewapita wote kwa uzuri. Machozi yakamlenga Mbaruku.

"Bi Siwatu, jirani yangu," akasema, "niuzie huyu. Kuku kama huyu nimemtafuta maisha yangu yote."

Bi Siwatu akamwambia amuulize mwenyewe.

Hariri akainua kichwa. "Mbaruku, ulinileta hapa kwa mikono yako. Na hawa wote unaowatamani ni wanangu, uliwatupa."

Mbaruku akapiga magoti mavumbini. Akaomba radhi, akamsihi warudi nyumbani, akaapa kwamba sasa amejifunza kungoja. Aliapa sana, hata Bi Siwatu akaanza kumwonea huruma. Kisha macho ya Mbaruku yakashuka kwenye mayai.

"Na hawa," akauliza, "watatoka rangi gani?"

Hariri akayafunika mayai kwa bawa.

"Manjano," akasema, akamgeuzia mgongo.

Mbaruku akarudi kwake na tenga tupu.

Basi enyi wenzangu, kitu kingali kinakua usikihukumu. Asiyeweza kungoja hukigawa chake kwa mikono yake, kisha huenda kukililia kwa jirani.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi niimeze.