Kwa Nini Mbegu Hukaa Moshini

Mnayaona yale mahindi juu ya meko, meusi kwa masizi? Hayakuanzia jikoni. Hapo kale, mbegu za mlima wetu wote zilikaa katika ghala moja, na mlinzi alikuwa mmoja, mtu mwenye sifa njema aliyeitwa Sefue.

Mwaka mmoja njaa ilitangulia mvua. Sefue akachukua hindi moja akala, akajiambia anaonja kama mbegu bado ni nzima. Kesho yake akachukua mawili. Mlinzi mwenye njaa husinzia, akajiambia, na akisinzia panya watamaliza zote. Mkewe, Nakijwa, aliponusa chungu akauliza.

"Haya yametobolewa na fukusi," Sefue akajibu. "Nikiyaacha yataharibu mengine. Hii ni kazi, mke wangu, si kula."

Nakijwa naye akala, maana jibu lilikuwa limeiva kuliko mahindi.

Mvua iliponyesha watu wakaja na vikapu, wakakuta magunzi matupu. Bila mbegu, mlima mzima ulikuwa unakwenda kufa. Sefue akasimama mlangoni akaeleza habari za fukusi, panya na unyevu. Alieleza vizuri mno, hata wengine wakaanza kumwonea huruma. Nakijwa akashindwa kuvumilia.

"Tumekula," akasema. "Mimi na huyu. Panya gani anayechemsha?"

Aibu ilimuunguza, lakini hakukaa kulia. Alibeba kikapu, akavuka nyika peke yake hadi kwa kaka zake, akaomba mbegu. Alirudi miguu imevimba, udongo ukiwa bado na unyevu, akamgawia kila mtu. Wakapanda.

Walipovuna, watu wakaanza kutafuta mlinzi mwingine wa ghala. Nakijwa akakataa katakata.

"Hata mkinichagua mimi, nitakula, na sababu nitaipata. Kila nyumba itundike mbegu zake juu ya moto. Atakayezigusa, masizi yatamsema."

"Umewaza vyema, mke wangu," Sefue akadakia. "Moshi utafukuza fukusi."

Na tangu siku hiyo mbegu hukaa moshini. Ukiuliza sababu, kila mtu atakwambia ni fukusi. Ni kweli, moshi huwafukuza. Lakini hayo ni maneno ya Sefue, na tunayapenda kwa sababu hayatutaji.

Haya, wewe uliyekaa karibu na meko, unacheka nini? Hebu nionyeshe mikono.