Chumvi ya Watu Wawili

Je, wajukuu zangu, mmewahi kula makande yaliyotiwa chumvi na watu wawili, kila mmoja akidhani yuko peke yake?

Hamjawahi, ndiyo maana mnacheka. Kihiyo katoka kwa fundi simu na maneno aliyoambiwa huko aliposhika kazi bila kuuliza: "Chungu cha wengi huulizwa chumvi." Kadhani ni methali ya mababu. Thubutu! Methali hiyo ni changa kuliko wewe, Kihiyo. Ilipozaliwa nilikuwepo, nimekaa benchi la tatu, nimejifunga vitenge viwili kwa baridi ya huku kwetu milimani. Ilianza hivi.

Hapa Kwehungo tulikuwa na ushirika wa maziwa. Kila asubuhi tulipeleka maziwa kituoni katika ndoo za ushirika, zile za aluminiamu zenye mfuniko wa mnyororo, nzito hata zikiwa tupu. Karani anapima, anatoa uzito wa ndoo tupu kwa hesabu ya kichwa ili yabaki maziwa, anaandika. Siku akiwa na usingizi, anakosea. Basi ugomvi kila siku, mpaka ng'ombe wakawa na adabu kuliko sisi.

Hidaya, binti wa marehemu Singano, alikuwa amesomea kompyuta Tanga mjini. Akatunga programu. Ndoo ikishapimwa, ujumbe unaingia kwenye simu yako: leo umeleta kilo kadhaa. Ugomvi ukapoa.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Hidaya hakuifungia programu yake kabatini. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini alinieleza nikaelewa. Maandishi ya ndani, yale yanayoiambia kompyuta ifanye hivi na hivi, aliyaweka wazi mtandaoni. Anayetaka kusoma, asome. Anayetaka kuchukua akatumie kwao, achukue. Akiona kasoro airekebishe, kisha arudishe alichorekebisha ili wenzake nao wafaidi. Vijana wa mbali, ambao Hidaya hajawaona hata sura, walimsaidia hivyo, huyu kipande hiki, yule kipande kile.

Ikaja kampuni moja ya mizani. Ikaipenda programu, ikaiunganisha na mizani yake ya umeme, ikatuletea moja pale kituoni. Mizani inapima, programu ya Hidaya inapokea na kutuma ujumbe. Ruhusa ilikuwepo, hakuna aliyeiba kitu. Tuliipokea mizani ile kwa vigelegele kama bibi harusi.

Masika yalipokolea, maziwa yakaanza kupungua. Majani yamejaa, ng'ombe wameshiba, viwele vimejaa, lakini kwenye simu yanapungua. Mzee Shemhilu, ambaye hana dogo, akayapima yake nyumbani kwa chupa kabla ya kuyapeleka. Ujumbe ulipokuja akasimama katikati ya kituo.

"Hidaya! Hiyo kompyuta yako siku hizi nayo inakunywa chai ya maziwa?"

Watu wakacheka. Baadaye vicheko vikakoma, minong'ono ikaanza. Wengine wakamwita mwizi, na hawakungoja hata afike mbali. Mama yake akaacha kuja kituoni. Ndoo yake akawa anampa jirani amchukulie.

Hidaya akaipekua programu mstari kwa mstari. Iko sawa. Akaipigia simu kampuni, nao wakakagua mizani yao. Iko sawa. Kila upande uko sawa, na maziwa yetu hayaonekani! Mwenyekiti wetu, Bwana Kupaza, akaitisha mkutano mkuu. Ajenda ilikuwa moja: programu itolewe, turudi kwa karani na kalamu yake. Hidaya alijua ikitolewa siku hiyo, jina la mwizi litabaki kwake mpaka kaburini.

Kampuni ikamtuma mhandisi wake, Mligo, kijana mrefu mwenyeji wa Njombe. Siku ya mkutano alifika mapema, akazunguka nyuma ya kituo ambako Mama Tabu alikuwa anatupikia makande.

"Shikamoo mama. Nipe mwiko nikusaidie, kwetu nami nilikuwa mpishi."

Mama Tabu akaitikia, akafurahi, akamwachia sufuria akaenda kuteka maji. Mligo akakoroga, akaonja, akaona chumvi hakuna. Akatia. Akarudi zake uwanjani kuongea na watu. Mama Tabu naye alipotoka bombani akatia ya kwake, kama anavyofanya siku zote makande yakikaribia kuiva.

Tukala kwanza, maana mkutano wa wenye njaa hauna mwisho mwema. Kijiko cha kwanza tu, nyuso zikakunjamana. Mzee Shemhilu akatema pembeni.

"Mama Tabu, haya umeyapikia maji ya bahari?"

"Usinizulie, mzee! Nimetia kiganja kimoja, kama siku zote."

Mligo akainua mkono polepole kama mtoto wa shule. "Mama, nami nilitia. Nilionja nikaona hayana."

"Na mdomo wa kuniuliza ulikuwa nao?"

"Niliona nisikusumbue. Nilitaka kusaidia tu."

"Baba wewe! Umetulaza na njaa kwa wema!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hidaya peke yake hakucheka. Aliweka sahani chini, akamgeukia Mligo.

"Kaka, mizani yenu inatoa uzito wa ndoo?"

"Inatoa, ndiyo. Makarani walikuwa wanakosea, tukaona tuifundishe mizani itoe yenyewe."

"Tangu lini?"

"Masika haya."

"Na mimi masika haya haya nimeifundisha programu itoe."

Mligo akashika kichwa. Ndoo moja, wanaitoa mara mbili! Wakavuta benchi, wakafungua kompyuta zao, vichwa viwili vimegusana. Hawakukaa sana, wakaacha upande mmoja tu utoe. Wakaiweka ndoo ya Mzee Shemhilu juu ya mizani, na simu yake ikalia. Akausogeza ujumbe mbali na macho, akausoma, akausoma tena.

"Haya," akasema. "Ng'ombe wangu amerudi."

Bwana Kupaza akamuuliza Mligo kwa nini hawakusema walipobadilisha.

"Tuliona ni jambo dogo, mwenyekiti. Na ofisini kwetu tunachorekebisha huwa tunakiacha humo humo ndani."

Mama Tabu akadakia, bado ana uchungu wa makande yake. "Hata chumvi ni jambo dogo! Chungu cha wengi huulizwa chumvi, baba." Tulikuwa tumepikia sufuria, lakini chungu kilikaa vizuri mdomoni, tukakiacha hivyo hivyo.

Mligo akatoka pembeni akawapigia wakubwa zake. Waliongea kwa muda mrefu. Nilimwona anapunga mkono hewani kama anafukuza nyuki. Aliporudi alisema wamekubali. Kila wanachorekebisha watakiweka wazi, pale pale panapokaa maandishi ya Hidaya, na kabla ya kubadilisha watauliza. Programu ikabaki. Kesho yake mama yake Hidaya alikuja kituoni na ndoo yake mwenyewe kichwani.

Kwa hiyo Kihiyo, fundi wako hakukukataza kutia. Tia, chumvi inatakiwa, na mwenye chumvi nyingi ndiye tunayemhitaji zaidi. Ila chungu cha wengi huulizwa chumvi.

Nimeruka kitu kimoja. Kabla hatujatawanyika, Bwana Kupaza alimwomba Hidaya radhi mbele ya wote, akasema ushirika utampa cheti chenye fremu. Mligo akasema kampuni itabandika jina lake kwenye kila mizani. Hidaya akawa anatikisa kichwa tu, anachezea mnyororo wa ndoo.

"Sasa dada," Mligo akamuuliza, "wewe mwenyewe unataka nini?"

Tukamngoja. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza, hata sisi tuliokuwa tunampigia simu kila alfajiri ujumbe ukichelewa.

"Nataka mwenzangu," akasema. "Mtu wa pili, wa kukaa nami kwenye kazi hii. Nimechoka kuishika peke yangu."